Kabla ya Begi Kulikuwa na Salfeti

Ukipita Msamala asubuhi siku hizi utakutana na watoto wanaokwenda shule na mabegi mgongoni, mengine makubwa kuliko wao. Tumezoea hivyo hadi tunadhani mwanafunzi na begi ni pacha. Wapi! Waulize waliosoma Songea miaka ya 1970 na 1980: begi lilikuwa la wasafiri.

Daftari lilikaa kwapani, au lilichomekwa kiunoni nyuma ya kaptula ya kaki ili mikono ibaki huru. Na mikono ilikuwa na kazi: jembe, fagio, kuni, kidumu cha maji. Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikuwa sehemu ya masomo. Mzigo mzito wa mwanafunzi ulikuwa jembe, si kitabu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa wapi? Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977. Watoto wakaja wengi, vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ikafuata Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kisha miaka ya uhaba wa kila kitu. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watatu au wanne, vichwa vimegusana, halafu kikarudi kabatini kwa mwalimu.

Ndiyo maana daftari lilitunzwa kama yai. Lilivalishwa jalada la gazeti au la karatasi ya mfuko wa saruji. Lakini mvua za Songea hazina huruma, na hapo kilimo cha mahindi kikaleta jibu: mfuko wa mbolea, maarufu kama salfeti. Ulikatwa, ukashonwa, ukatiwa kamba ya begani. Mfuko uliolisha shamba ukabeba shule. Baadaye ikaja mifuko ya rambo, iliyotamba hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Mabegi nayo yakazagaa kupitia mitumba, biashara ilipolegezwa kuanzia miaka ya 1980.

Tukisimulia haya hupenda kusifu uvumilivu wa wazee wetu. Ni kweli, walivumilia. Ila mtoto aliyerudi nyumbani na daftari moja kiunoni hakuwa na kitabu cha kusoma jioni. Kwa hiyo begi la leo likiwa zito, kabla hatujalilalamikia tulifungue kwanza: mna vitabu humo, au ni madaftari ya kunakili ubaoni tu?