Pointi Tatu na Neno Moja la Kiingereza

Msimu uliopita hapa kambini tulifungwa bao moja na timu iliyomchezesha kijana ambaye wiki iliyotangulia alichezea timu nyingine. Kila mtu alimwona. Nahodha wetu alimfuata refa, akamweleza kwa Kiswahili, refa akamwitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani tukingoja haki yetu.

Haikuja. Kanuni za ligi, karatasi mbili za Kiingereza, zilisema timu isiyoridhika ilete "protest" kwa maandishi ndani ya saa 24. Nahodha alikuwa ameliona neno hilo akaliogopa. Kwake yeye "protest" ni maandamano, ni mawe na mabomu ya machozi, na mkimbizi hataki jina lake liwe kwenye karatasi ya namna hiyo. Kumbe katika michezo maana yake ni malalamiko rasmi, barua fupi tu. Pointi tatu zikaenda, na jioni ile vijana wetu nusura wapigane na wenzao.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza haya maneno ya mpira yametoka wapi.

Sisi wa Kongo tulikua tukisema ekipe, arbitre, korneri, penaliti, tukiamini yote ni Kifaransa. Tulipovuka mpaka tukakuta wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema timu, refa, kona, penalti. Kumbe korneri na kona ni mtoto mmoja: Wafaransa walilichukua kwa Waingereza, nasi tukalichukua kwa Wafaransa. Hata FIFA, iliyoundwa Paris mwaka 1904, ina jina la Kifaransa lenye maneno mawili ya Kiingereza ndani yake.

Waingereza wenyewe walianza kwa kutoelewana. Kila shule ilikuwa na kanuni zake: hapa mpira unashikwa, pale haushikwi. Mwaka 1863 vilabu kadhaa vilikutana London vikaunda chama ili kuandika kanuni moja. Waligombana kuhusu kumpiga mwenzako teke la ugoko, na klabu ya Blackheath ikajitoa kwa sababu ilitaka teke hilo libaki.

Neno refa nalo lina hadithi. Zamani kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili wakishindwa kukubaliana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyesimama nje ya uwanja. Kwa Kiingereza kumpelekea mtu shauri ni "refer", ndiyo maana akaitwa "referee", yaani mtu wa kupelekewa shauri, kama mzee wa baraza kwetu. Mwaka 1891 akaingizwa uwanjani, na wale wawili wakapelekwa pembeni kushika vibendera. Mwaka huohuo penalti ikaanza.

Lakini shauri linahitaji lugha. Mwaka 1966, Kombe la Dunia, Uingereza ilicheza na Argentina pale Wembley. Refa Rudolf Kreitlein, Mjerumani, alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Refa hakujua Kihispania, Rattín hakujua Kijerumani. Rattín akakataa kutoka, akaomba mkalimani, mchezo ukasimama dakika kadhaa. Baadaye Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia marefa, akiwa kwenye taa za barabarani, akapata wazo la kadi ya njano na nyekundu. Zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970.

Kadi inaeleweka kwa lugha zote, ila haikusikilizi. Mwaka 1974 Mwepu Ilunga wa Zaire, nchi yetu kwa jina la wakati ule, alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira kabla Brazil hawajapiga adhabu yao. Akapewa njano. Watu wakacheka miaka mingi, eti Mwafrika hajui kanuni. Mwenyewe alikuja kusema kwamba alizijua vizuri. Kadi haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Ndiyo maana nasema maneno ya mpira ni ya aina mbili. Ya uwanjani hayahitaji darasa, mtoto wa miaka mitano anajua goli. Ya mezani ndiyo yanayotula. "Fixture" ni mechi iliyopangwa kwenye ratiba. "Registration" ni kuandikisha wachezaji. "Eligible" ni mchezaji anayeruhusiwa kucheza. "Forfeit" ni kupoteza mechi mezani, hata kama mlishinda uwanjani. "Appeal" ni rufaa, pale malalamiko yenu yakikataliwa. Haya hayafundishwi na mpira. Yanataka daftari.

Na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusaidia kuendesha ligi, tunawashukuru kwa mipira na jezi. Tunaomba kitu kimoja ambacho ni rahisi kuliko jezi: kabla ya mechi ya kwanza, kanuni zisomwe kwa sauti mbele ya manahodha wote, kwa lugha wanazozielewa, na kila mmoja aulize maswali yake. Rattín aliomba mkalimani mchezo ukiwa umeshasimama. Sisi tunaomba mapema.

Nahodha wetu siku hizi huja mazoezini na daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika "protest", na chini yake, kwa kalamu nyekundu: saa 24.