Paka Aliyeingia Vitabuni Akiwa Ngozi

Sote tunajua kwamba paka na maji hawapatani. Mmwagie kikombe kimoja tu, hutamwona mpaka jioni. Lakini huko Asia yuko paka wa porini ambaye maji ndiyo shamba lake. Kule Bengali humwita baghrol; mimi nitamwita paka mvuvi. Ni mkubwa kuliko paka wa nyumbani, ana madoa meusi ubavuni na ngozi nyembamba kati ya vidole, na anapenda samaki kuliko nyama yoyote.

Mwaka 1833 Mwingereza Edward Turner Bennett alimtia katika vitabu vya sayansi kwa kutazama ngozi iliyotoka India. Jina alilompa lamfananisha na fungo. Basi paka huyu aliingia vitabuni akiwa ngozi tu, na miaka mingi ikapita bila mtu kujishughulisha kumhesabu akiwa hai.

Sababu ni makao yake. Anaishi katika matete, mabwawa na mikoko. Katika orodha za ardhi za serikali ya India, vinamasi vimewekwa katika fungu la ardhi isiyo na faida. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu leo. Ardhi ikishaitwa ya bure, nani atauliza inapofukiwa ili kujengwa viwanda, au inapochimbwa mabwawa ya kufugia kamba?

Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalikubaliana mkataba wa kulinda ardhi oevu. Kenya ilijiunga mwaka 1990, Tanzania mwaka 2000. India iliandikisha ziwa la Chilika, jimbo la Odisha, mwaka 1981. Sifa kubwa ya Chilika ilikuwa ndege wake. Paka hatajwi sana. Mwaka 2012 jimbo la Bengali Magharibi likamfanya mnyama wake rasmi.

Kisha watafiti, wakisaidiwa na wavuvi wa Chilika wenyewe, wakatega kamera kwenye matete. Madoa ya kila paka ni yake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Kwa kulinganisha picha za paka waliorudi na za wageni, wakakadiria idadi. Mwaka 2022 jibu likatangazwa: paka 176.

Wengine watasema, paka 176 wana faida gani kwa mvuvi anayeibiwa samaki? Mimi nasema mvuvi na paka huyu wanakula sahani moja. Paka hubeba samaki mmoja usiku. Kifusi humaliza mazalio yote ya samaki, na hapo wote wawili hulala njaa. Hesabu ile imeonyesha kwamba ardhi iliyoitwa ya bure ina wenyewe. Anayetaka kuifukia, sasa ana watu wa kuwajibu.