Wazee wa muda: nani hukata maneno Kasongo na Kabambare?

Katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, mtu aliyeporwa shamba haanzi kwa kutafuta wakili. Huenda kwa kapita wa kijiji; yakishindikana hapo, hupanda mpaka kwa chifu wa sekta, iwe Wamaza, Babuyu, Bahombo, Lulindi au Salamabila. Huko wazee husikiliza, karani huandika, na maneno "hukatwa", kama wasemavyo wenyewe. Kwa mujibu wa karatasi za Kinshasa, wazee hao walitakiwa wawe wamekwisha kupisha zamani sana.

Kasongo, wilaya jirani, imeona waamuzi wa kila namna. Ilikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kisha wa mwanawe Sefu baada ya baba kurudi Unguja, na maneno yalikatwa barazani kwa wenye nguvu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis, ofisa Mbelgiji, liliuteka mji. Kwa miaka mingi iliyofuata, mwenye bunduki ndiye aliyekuwa pia mwenye hukumu.

Amri ya Wabelgiji ya 15 Aprili 1926 ndiyo iliyozipa mahakama za mila sura tunayoifahamu: chifu mbele, wazee ubavuni, daftari mezani. Waliweza kutoza faini, kufunga mtu kwa muda mfupi na kumchapa kiboko. Juu yao ilikaa mahakama ya wilaya, chini ya msimamizi Mbelgiji. Mila iliruhusiwa mradi isipingane na "utaratibu wa ulimwengu mzima". Ulimwengu huo, kwa bahati, ofisi yake ilikuwa kwa huyo huyo Mbelgiji.

Daftari lilileta jambo jipya. Mwaka 1933 lilianza kuchapwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) jarida la hukumu za mila, chini ya jaji Antoine Sohier. Mila ambayo mzee aliweza kuipinda kidogo kwa kuwatazama watu waliosimama mbele yake, sasa ikawa maandishi. Wapo wanaosema hapo ndipo ilipohifadhiwa. Mimi naona ndipo ilipoanza kukakamaa.

Baada ya uhuru serikali iliamua kuleta mahakimu waliosomea sheria. Sheria ya 10 Julai 1968 ilianzisha mahakama za amani. Ile ya 31 Machi 1982 ikarudia ahadi. Zote mbili ziliacha mahakama za mila ziendelee kwa muda, hadi mahakama ya amani ifike. Sheria ya mwaka 2013 nayo inataka kila wilaya iwe na mahakama ya amani walau moja. Nchi ina wilaya 145.

Kasongo ina mahakama yake ya amani. Hakimu wake anaweza kusikiliza makosa ya jinai ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano ya kifungo, lakini kazi yake haiishii hapo. Kuna mahari inayodaiwa, urithi, mpaka wa shamba la mihogo. Na penye mila, sheria inamtaka aketi na watu wawili wanaoijua. Wazee waliotolewa mlangoni wamerudi na kupewa viti.

Kwenye ardhi hakimu huyo hana wa kumlaumu ila watunga sheria. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na ibara yake ya 389 ikaahidi amri ya rais kuhusu mashamba ya wanakijiji. Zaidi ya miaka 40 ilipita amri hiyo haijatoka. Hakimu afanyeje? Humuuliza mzee nani alifyeka msitu huo kwanza.

Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100; kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya 200. Umbali huo ndio unaozifanya familia zimalize nyumbani hata yasiyomalizwa nyumbani, kwa mbuzi na pesa kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, deni na mpaka wa shamba wapelekee wazee ukipenda. Ubakaji, hapana. Adhabu yake ni miaka 5 hadi 20, na tangu Julai 2006 sheria imewakataza hata polisi na mwendesha mashtaka kuumaliza kwa faini.