Kibanda cha Faraday na Sufuria Yangu

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo. Kuna dai ambalo limezagaa mtandaoni kwa miaka mingi: eti yapo “mawimbi ya Tesla” yanayopenya chuma chochote. Mimi, na shahada yangu ya tarakilishi, nusura nitoe hela kununua kifaa cha kuyanasa. Kisa? Nilitia simu ndani ya sufuria, nikaifunika, nikaipigia. Ikalia!

Kabla hatujashangilia, turudi London, Januari 1836. Katika Royal Institution, Michael Faraday alijenga kibanda cha mbao, kila upande futi 12, akakizungushia waya wa shaba na karatasi ya bati. Kisha akaingia ndani yeye mwenyewe, na mishumaa na vipima-umeme. Kibanda kikatiwa umeme hadi cheche zikaruka nje. Ndani, vipimo havikutikisika.

Huo ulikuwa umeme tuli. Mawimbi yalifuata baadaye: James Clerk Maxwell aliyaeleza kwa hesabu mwaka 1865, naye Heinrich Hertz akayazalisha huko Karlsruhe, Ujerumani, 1887 na 1888. Aliona bamba la zinki likiyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga. Nikola Tesla alishikilia kwamba mfumo wake ulikuwa tofauti, unapitisha nishati ardhini. Mnara wake wa Wardenclyffe, jimbo la New York, ulianza kujengwa 1901, ukabomolewa 1917 kabla ya kutimiza ndoto hiyo. Wenye dai la leo hujificha nyuma ya jina lake.

Sasa sufuria. Kwenye masafa ya megahezi 900, wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi. Kifuniko hakikazi, na ufa unaozunguka ukingo ni mrefu. Urefu huo ndio mlango, hata ukiwa mwembamba kama uzi. Tena simu husikia mawimbi hafifu mno.

Nikaifunga simu kwa foili mara mbili, kingo nikazikunja vizuri. Kimya. Nikapenyeza waya wa chaja: ikalia tena, kwa maana waya ule ulikuwa antena.

Masafa ya chini ni habari nyingine. Usumaku wa umeme wa nyumbani, hezi 50, hupenya foili bila shida kwa kuwa foili ni nyembamba mno kwake. Hilo nalo limo vitabuni, halina siri.

Basi ukiambiwa wimbi limepenya chuma, tafuta ufa kwanza, halafu waya. Jaribu mwenyewe jikoni. Ukisikia “mteja hapatikani”, Faraday bado yuko sahihi.