Nguvu ya kisu: jinsi waya mwembamba ulivyoingia karakana

Wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo tuingie karakana. Kisu cha mashine ya kukereza kinapokata chuma, kinasukumwa kwa nguvu kiasi gani? Bila jibu, huwezi kuchagua mota ya kutosha wala kujua kisu kitavumilia mzigo upi. Frederick Taylor wa Marekani alifanya majaribio ya kukata chuma kwa takriban miaka 26, akageuza zaidi ya ratili 800,000 za chuma kuwa vipande (tani 360 na zaidi, jamani!), ndipo akatoa matokeo mwaka 1906.

Shida ya kupima nguvu hiyo ni moja tu, lakini ni ya ukaidi. Springi hupima kwa kubonyea. Ikibonyea, kisu kinasogea, kina cha mkato kinabadilika na mashine inaanza kutetemeka. Yaani kipimo kinaharibu kile kinachopimwa! Ukikaza kila kitu kisisogee, nao mshale hausomi kitu.

Suluhisho lilitoka mbali na karakana. Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alionyesha kuwa waya ukivutwa ukinzani wake wa umeme hubadilika. Ilipita miaka zaidi ya 80. Mwaka 1938 Edward Simmons kule Caltech na Arthur Ruge kule MIT, kila mmoja kivyake, walibandika waya mwembamba kwa gundi juu ya kitu chenyewe. Ruge alikuwa akichunguza matangi ya maji wakati wa tetemeko la ardhi. Kamati ya hataza ya MIT iliona soko lake halitakuwa kubwa, ikamwachia uvumbuzi wake. Sijui kama kuna kamati iliyowahi kukosea zaidi.

Sasa chuma kingeweza kubaki kigumu. Kikinyumbuka sehemu 100 kwa milioni, streingeji ya omu 120 hubadilika omu 0.024 hivi. Kidogo mno! Ndiyo maana huunganishwa nne katika daraja la Wheatstone: mbili zikivutwa, mbili zikibanwa, ishara huongezeka mara nne. Joto nalo huzigusa zote sawa, hivyo hujifuta.

Mwaka 1945 Eugene Merchant alichapisha nadharia yake ya kukata chuma. Kuijaribu kulihitaji nguvu mbili kwa mpigo: ya kukata na ya kusukuma kisu nyuma. Unazitenganishaje? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wabunifu wa dinamomita. Walitumia pete ya chuma. Ukiigandamiza kutoka juu, kuna mahali, digrii 39.6 kutoka kileleni, ambapo uso wake haunyumbuki kabisa. Bandika geji hapo, itasoma nguvu ya mlalo peke yake. Zilizo ubavuni, digrii 90, zitasoma ya wima. Sisi waandika programu tungesema vigezo viwili havichezeani. Pete ya mviringo hubingirika, basi wakaichonga pembe nane ikae imara.

Baadaye vikaja vipimo vya fuwele za kwatsi, vigumu zaidi na vyepesi kufuata mitetemo ya kasi. Ila chaji ya kwatsi huvuja polepole, kwa hiyo nguvu tulivu inayodumu muda mrefu bado ni kazi ya pete na geji zake.