Mti Mweusi na Hukumu ya Macho

Msomaji, ukipata nafasi ya kuhudhuria taarabu ya Unguja, usimtazame mwimbaji peke yake. Tazama pia nyuma ya wapigaji wa fidla. Huko huenda ukamwona mtu amesimama wima, amekumbatia chombo kirefu kumpita yeye mwenyewe, chenye umbo la fidla na sauti nzito kama ngurumo ya mbali. Chombo hicho ni besi. Chini ya nyuzi zake umelazwa ubao mrefu mweusi, na juu ya ubao huo mpigaji huzikandamiza nyuzi kwa vidole ili apate sauti aitakayo. Ubao huo wa vidole ndio habari yetu. Waweza kudhani kuwa ni kitu kidogo; lakini historia yake ni ndefu, nayo yatuonyesha hasara impatayo mtu, na impatayo hata nchi nzima, kwa kuhukumu kwa macho matupu.

Kwanza yatupasa kupambanua miti miwili. Mti mweusi tuujuao sana Afrika ya Mashariki ni mpingo, ambao Wakamba na Wamakonde wamechonga kwao sanamu nyingi. Mti wa pili ni abunusi, ambao huota Sri Lanka, Madagaska na katika misitu ya Kameruni na Gaboni. Miti hii si ndugu: mpingo ni wa jamii ya kunde, na abunusi ni wa jamii nyingine kabisa. Hata hivyo majina yao yamechanganyika tangu zamani. Wamisri wa kale waliagiza mti mweusi kutoka nchi za kusini kwao, na miaka ipatayo 3,500 iliyopita malkia Hatshepsut alipeleka merikebu katika nchi ya Punt, zikarudi na mti huo pamoja na ubani na dhahabu. Kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake zilikutwa samani za mti mweusi. Wataalamu waliochunguza mti wa Wamisri wameona kuwa ni huu mpingo wetu. Lakini jina lake la Kimisri lilipita kwa Wayunani, Waajemi na Waarabu, na lilipotufikia katika neno abunusi lilikuwa limekwisha kuwa jina la mti mwingine. Mpingo ulianza kulibeba jina, na mgeni akalirithi.

Je, mti huu uliingiaje katika vyombo vya muziki? Mafundi wa Italia, kama Antonio Stradivari wa mji wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, walitengeneza ubao wa vidole kwa mti mwepesi, kisha wakaufunika kwa ganda jembamba la abunusi. Baadaye muziki ulidai nguvu zaidi, na nyuzi zikavutwa kwa kani kubwa zaidi. Kwa hiyo mafundi waliacha ganda, wakafanya ubao wote kwa abunusi tupu. Katika karne ya 20 nyuzi za chuma zilichukua mahali pa nyuzi za utumbo wa mnyama, na chuma hula mti upesi. Mti laini huchimbwa vifereji chini ya nyuzi. Abunusi, kwa ugumu wake, hustahimili miaka mingi. Mpingo ni mgumu hata kuishinda abunusi, lakini mara nyingi ni mti mdogo uliopindika, wala si rahisi kupata kwao ubao mpana unaokaribia urefu wa mita moja. Ndiyo maana mpingo ulikwenda kwenye klarineti na obo, na besi ikaachiwa abunusi.

Sasa tuseme shule yako imechanga fedha, nazo ni kidogo, na mwuzaji ameleta besi ya bei nafuu yenye ubao mweusi unaong'aa. Utajuaje kama ni mwema? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi usitosheke na ule mng'ao. Inama utazame upande wa chini wa ubao, pale unaponing'inia juu ya tumbo la besi, maana huko fundi mvivu hakufika na msasa. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kikitoka cheusi, ubao umepakwa rangi. Gandamiza ukucha mahali palipofichika. Ukiacha alama kwa urahisi, mti huo ni laini, na nyuzi za chuma zitaula. Angalia kama mistari ya mti imenyoka toka mwanzo hata mwisho, kwa kuwa ubao wenye mistari iliyopinda huelekea kupindika nao. Tafuta nyufa katika ncha zake, na mwanya katika kiungo cha gundi. Hizo ni dalili za mti uliotumiwa kabla haujakauka vizuri. Kisha funga jicho moja, utazame kwa jicho la pili kuufuata urefu wa ubao. Yafaa uwe na ubonyeo mdogo katikati, ili waya unaotikisika upate nafasi. Ukiona kinundu, jua kwamba nyuzi zitalia kama nyuki. Mwisho, pima unene wake, maana kila baada ya miaka kadhaa ubao hupigwa randa upya, na ubao mwembamba hauna cha kupunguza.

Lakini, msomaji, hapo kwenye kitambaa usikate shauri upesi. Rangi iliyotoka haithibitishi kuwa ubao ni mbaya. Abunusi ya kweli mara nyingi ina mistari ya kahawia au ya kijivu, nayo ni ngumu vilevile; mafundi huipaka rangi kwa sababu wanunuzi hutaka weusi mtupu. Hivyo ubao laini hupakwa rangi ili uonekane mwema, na ubao mwema hupakwa rangi ili usidhaniwe kuwa mbaya. Wote wawili wamevikwa vazi moja kwa kosa la jicho la mnunuzi.

Kosa hilo limeigharimu dunia. Mwaka 1638 Waholanzi walikaa katika kisiwa cha Morisi, na moja ya haja zao kubwa ilikuwa abunusi, ambayo ilisifiwa Ulaya kwa weusi wake. Walikata na kusafirisha, na walipokihama kisiwa mwaka 1710 misitu ilikuwa imekwisha kujeruhiwa. Waliowafuata waliendelea kukata na kulima. Leo mabaki ya msitu wa namna hiyo hutunzwa katika mahali pachache, kama kile kisiwa kidogo cha Ile aux Aigrettes, kilichofanywa hifadhi mwaka 1965.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka 2011 Bob Taylor, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, pamoja na wenzake wa Hispania, walinunua kiwanda cha kupasua abunusi mjini Yaounde, Kameruni. Huko aliambiwa neno lililomshtua. Weusi wa abunusi umo moyoni mwa mti, na mkataji haujui mpaka mti uwe umekwisha kuanguka. Katika miti kumi, mmoja tu ndio uliokuwa mweusi mtupu. Ile tisa yenye mistari ilikuwa ikiachwa chini ioze, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi. Taylor aliamua kununua na kuitumia miti yenye mistari, na mwaka 2012 akawaeleza wapiga magitaa kwa nini wanapaswa kuipokea. Mti haukubadilika, kilichobadilika ni jicho.

Nasi tunao mpingo wetu, ambao huhitaji zaidi ya miaka 60 kufikia ukubwa wa kukatwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya ya Kilwa, Tanzania, vilipata hati ya kimataifa inayoshuhudia kwamba misitu yao hukatwa kwa kipimo. Huo ni mfano mwema, lakini mwenye msitu hawezi kuutunza peke yake ikiwa mnunuzi wa mbali hujua rangi tu.

Kwa hiyo, siku utakapotumwa kuchagua ubao, meza au hata mpini wa jembe, uliza kazi yake kwanza, ndipo uulize sura yake. Gusa, pima, inama utazame chini. Kwani mti hukua maisha ya mtu mzima, na hukumu ya jicho lisilojua huuangusha kwa asubuhi moja.