Makaburi Mageni, Vichaka vya Kale: Miti na Viumbe vya Mazikoni Meru na Embu

Msomaji aliyepata kusikia habari za Uingereza, ambako viwanja vya makanisa ya vijijini vina miti iliyopita umri wa miaka 1,000, au habari za Ethiopia ya kaskazini, ambako makanisa ya Tewahedo yamezungukwa na masalio ya msitu wa kale uliokwisha kufyekwa pande zote, akija Meru na Embu kutafuta mfano wa mambo hayo hatauona. Wala si kwa kuwa wenyeji hawakuwajali wafu wao, bali kwa kuwa kaburi lenyewe, katika mitelemko hii ya mashariki ya Mlima Kenya, ni jambo la juzi tu.

Zama za mababu, wengi wa Wameru, Waembu na Wambeere hawakuzikwa. Mgonjwa aliyekatiwa tamaa alitolewa nje kabla hajakata roho, akalazwa kichakani, na akitangulia kufia ndani, nyumba ilihamwa au kuteketezwa, kwa sababu kugusa maiti kulikuwa najisi iliyohitaji kutakaswa. Aliyemaliza kazi ni fisi. Kwa hiyo mnyama wa kwanza kutajwa katika taarikhi ya mauti ya nchi hii si bundi wala popo, bali ni huyo fisi, na ijapokuwa habari yake humchukiza msomaji wa leo, ilikuwa na natija yake: hapakutengwa ardhi kwa ajili ya wafu, wala hapakuwekwa jiwe wala ua, na pori lililopokea maiti lilibaki pori, maana hapakuwa na mtu aliyethubutu kupeleka jembe mahali kama pale.

Misheni zilipofika, mambo yaligeuka. Waanglikana wa CMS walijenga Kigari, Embu, mwaka 1910. Mapadre wa Consolata waliingia Imenti mwaka 1911. Wamethodisti wakaanza Kaaga mwaka 1912. Na Dakta Clive Irvine wa Kanisa la Uskochi akafika Chogoria mwaka 1922. Wakristo wao walizikwa kwa sala na msalaba, na serikali ya kikoloni nayo ikashurutisha maziko kwa watu wote, hata Umbeere, ambako, kama alivyoeleza mtaalamu Jack Glazier, desturi hiyo ilienea kwa amri mnamo miaka ya 1930.

Pamoja na kaburi ukaja mti mgeni. Mubariti ulitoka Australia, msipresi ulitoka Mexico, mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, na hiyo ndiyo iliyopangwa kwa mistari kandokando ya makanisa, na misipresi ikikatwa sawasawa kuwa ua. Si haki kuidharau yote, kwa sababu mubariti ukichanua maua yake ya rangi ya dhahabu huwaita ndege chozi kwa makundi, na nyuki nao hawabaki nyuma. Ama misipresi ilipata adhabu isiyotazamiwa: mwaka 1990 vidukari vigeni viliingia Kenya, vikafyonza utomvu wake, na nyua nyingi nchini zikageuka rangi ya kutu.

Hifadhi ya kweli ya miti ya kienyeji ilikuwa kwingine, katika vichaka vya matambiko, ambamo wazee walichinja kondoo wa rangi moja wakimwomba Ngai mvua, na ambamo ilikuwa haramu kukata kitawi, na aliyekosea alidaiwa mnyama wa kafara. Karibu na Runyenjes kipo kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu humtaja yeye na mkewe Nthara kuwa asili ya kabila lao. Imenti upo msitu wa Giitune. Na Nchiru, Tigania, ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo mkuu wa wilaya H. E. Lambert alilipa nguvu mpya katika utawala. 

Mti mkuu wa vichaka hivyo ni mugumo. Ukipasua tini lake kwa kisu utaona kwamba halikuwa tunda hapo mwanzo, bali ni mkusanyiko wa maua madogo yaliyoelekea ndani. Nyigu jike, mdogo kuliko mdudu chungu, huingia kwa tundu la kilele cha tini, jembamba hata mabawa yake hukatika mlangoni. Akiisha kuchavusha maua na kutaga mayai, hufia mumo humo, hata waweza kusema kila tini ni kaburi. Kwa kuwa migumo haizai yote kwa wakati mmoja, daima upo mmoja wenye matini mabivu, na ninga, hondohondo, popo na kima hula humo mwaka mzima, kisha wengi wao hupanda mbegu mbali kwa kinyesi chao: juu ya mti wa muringa, juu ya muuru, hata katika ufa wa ukuta wa kanisa, ambamo mtunza kanisa huung'oa mche kwa haki kabisa, maana mizizi yake hupasua mawe.

Bernard Riley na David Brokensha, waliochunguza mimea ya Wambeere, waliona vichaka hivyo vikipungua. Khofu ya zamani ilikuwa imelegea kwa mahubiri, na mpango wa ardhi ulioanza mwaka 1954 uligawa nchi kwa hati, kila shamba kwa mwenyewe. Kichaka kisichokuwa cha mtu mmoja kikawa na majirani wengi wenye mashoka, na vichache vilivyowekwa chini ya mabaraza ndivyo vilivyonusurika kwa urahisi zaidi.

Hapo ndipo kaburi lilipopata kazi mpya. Katika kesi za ardhi, mahali alipozikwa babu huwa ushahidi kwamba ukoo ulikaa pale, basi aghalabu marehemu huzikwa nyumbani, kando ya migomba au kahawa, na kaburi halina budi kuonekana. Zamani lilikuwa tuta lenye maua. Siku hizi aliye na uwezo hulisakafia kwa saruji na vigae, na mti ulio karibu hukatwa usije ukainua sakafu. Chozi na ninga hawana faida hapo. Aliyefaidika ni mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye hupata vigae vyenye joto tangu asubuhi, akajipandisha na kujishusha kwa miguu ya mbele, akiwatisha madume wenzake juu ya jina la marehemu.